Jipange, lakini kwa saa za nani?

Chama chetu cha wanawake cha kuchangiana pesa hukutana Kiamunyi, hapa Nakuru, Jumapili ya mwisho wa mwezi, na kwa kawaida ugomvi huwa ni wa nani hajatoa mchango. Mwezi huu tuligombania neno moja: jipange.

Alilitamka Mwalimu, mkubwa wetu, mstaafu wa shule za msingi. Sista, ambaye ni muuguzi, alikuwa amesinzia kikombe kikiwa mkononi. Alitoka zamu ya usiku, akapitia sokoni, akafua sare za watoto, ndipo akaja. Mwalimu akamwangalia kwa huruma, akasema, "Mwanangu, jipange. Sisi tulizaa watoto sita, tukafundisha, tukalima, na hakuna aliyelala njaa." Sista akafumbua jicho moja. "Mwalimu, nijipange vipi? Siku yangu imeshapangwa na watu wengine."

Mimi ni mhasibu katika ofisi ndogo hapa mjini Nakuru, mama wa watoto wawili. Nilitoka pale nikiwa upande wa Sista kabisa. Kufikia katikati ya wiki nilikuwa nimesogea nusu ya njia kuelekea kwa Mwalimu, na nimekwama hapo.

Mwalimu ana hoja, na si ndogo. Kuna mzigo tunaojibebesha wenyewe. Namjua mama ambaye mumewe akiingia jikoni humtoa, eti atachafua sufuria, halafu anakuja chamani kulalamika kwamba anapika peke yake. Kuna watoto wa miaka tisa ambao hawajawahi kufua soksi zao. Mimi mwenyewe nilizoea kuchemsha maharagwe Jumatano usiku kana kwamba hakuna Jumapili. Sasa githeri na maharagwe huchemka Jumapili mchana, nagawa kwenye mikebe, na katikati ya wiki ni kukaanga tu. Na kuna kanuni moja ya Mwalimu ninayoishika kama amri: mtoto akiingia kutoka shule, mkoba unafunguliwa kabla ya chai. Mwenye mtoto kwenye mtaala huu mpya anajua kwa nini. Usipofungua mkoba saa kumi na moja jioni, utaambiwa saa tatu usiku, mtoto akiwa ameshavaa nguo za kulalia, kwamba kesho wanatakiwa waende na manila, gundi na mbegu za aina tano. Mbegu za aina tano! Mimi nimewahi kuchambua ndengu kwa tochi ya simu.

Kwa hiyo kujipanga kupo, na kunasaidia. Shida ni pale neno hilo linapogeuka jibu la kila kitu. Nilimuuliza Mwalimu swali ambalo nadhani hakulitarajia: ulipokuwa darasani, nani alikuwa anabaki na mtoto? Akahesabu. Alikaa nyumba ya shule, hatua chache kutoka darasani, akawa anakwenda kunyonyesha wakati wa mapumziko. Maziwa yalitoka kwa ng'ombe wake. Mama mkwe alikuwa boma la jirani. "Na kulikuwa na mtoto wa dada yangu, nilimtoa Lugari." Wa miaka mingapi? "Kama kumi na miwili." Alikuwa anasoma wapi? Mwalimu akakoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani.

Sisemi hivi kumwaibisha. Nyumba nyingi za wakati ule ziliendeshwa hivyo, na yetu ilikuwa mojawapo. Lakini inafaa tukumbuke kwamba ratiba ile nzuri ilisimama juu ya msichana aliyekosa darasa. Elimu ya msingi ilipofanywa bure mwaka 2003, na sheria ya 2013 ikaifanya kuwa lazima, tulipata nchi bora zaidi, na mama anayefanya kazi akapoteza msaidizi wa bei rahisi kuliko wote. Mabadiliko yote mawili ni ya kweli, na sitaki la pili litumike kulijutia la kwanza.

Nafasi ya msichana yule imechukuliwa na dada wa nyumbani, na hapa ndipo sisi wenye ajira tunapaswa kuona haya kidogo. Kima cha chini cha mshahara wa mfanyakazi wa nyumbani katika majiji yetu, tangu Novemba 2024, ni zaidi ya shilingi 16,000 kwa mwezi. Tupige hesabu bila kudanganyana. Mama anayepokea elfu ishirini na tano mkononi, alipe kodi ya nyumba, karo na nauli, atoe wapi elfu kumi na sita? Hatoi. Analipa nusu, au chini ya nusu, na wote wawili wananyamaza. Dada wangu wa kwanza alikuwa ameacha mtoto wa miaka miwili kwa mama yake Busia ili aje kunibebea wangu. Nilimlipa kidogo kuliko sheria inavyosema, nikamwita mtu wa familia. Tunapozungumzia mama anayebanwa kati ya kazi na watoto, tunamwazia mwenye mkoba na kitambulisho cha ofisi shingoni, na yule aliyebaki nyumbani kwake akipika uji tunamsahau.

Asiyeweza dada huenda bebikea, yaani nyumba ya kulelea watoto mchana kwa malipo. Ile niliyotumia ilikuwa mtaa wa Kaptembwa, chumba kimoja cha mabati, magodoro matatu yameunganishwa ukutani, na juu yake misumari, kila msumari na mfuko wa mtoto mmoja: chupa ya uji, nepi mbili, jina limeandikwa kwenye plasta. Mwenye nyumba alifunga saa kumi na mbili jioni. Ukichelewa unaongeza shilingi hamsini, na haki yake, kwa sababu yeye pia ana watoto wanaosubiri chakula. Kuanzia saa kumi na mbili kasorobo unawaona akina mama wakiteremka matatu wakikimbia, viatu mkononi kama mvua imenyesha. Watoto wanaobaki huketi mlangoni wakiangalia barabara. Hawalii. Wa kwangu alikuwa anahesabu pikipiki.

Nimeiweka picha hiyo hapa kwa sababu ndiyo iliyonifanya nifikirie upya ugomvi wa Mwalimu na Sista. Siku nyingi sikushindwa na wingi wa kazi. Nilishindwa na dakika kumi na tano za kuchelewa.

Sheria tunazo, na si mbaya kama watu wanavyosema. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama miezi mitatu ya likizo ya uzazi kwa mshahara kamili, bila kupoteza likizo yake ya mwaka. Sheria ya zamani iliyotangulia ilitoa miezi miwili, na likizo ya mwaka ikaenda nayo, kwa hiyo Mwalimu asidhani sisi ndio tumedekezwa; wao ndio walipunjwa. Walimu wa leo, kwa makubaliano ya 2021 kati ya TSC, tume inayowaajiri, na vyama vyao, wana siku 120. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea au kukamua maziwa, na kumpa mama muda wa kufanya hivyo, hadi saa moja kwa kila saa nane za kazi, mbali na muda wa chakula. Mimi, mahali nilipokuwa nimeajiriwa zamani, nilikamulia maziwa kwenye stoo ya faili, nimeegemeza fagio mlangoni kwa sababu kitasa kilikuwa kibovu. Sheria ilikuwa imeshapitishwa. Hakuna aliyenikataza kuomba chumba, na mimi sikuomba.

Mama wa dukani naye yuko mbali zaidi na karatasi hizi. Sheria ya Ajira inatambua hata mkataba wa mdomo, lakini msichana anayeuza nguo hajui hilo, na mwenye duka anajua kwamba hajui. Akijifungua, anarudi baada ya wiki sita na kukuta mwingine nyuma ya kaunta.

Hata hivyo naomba tumsikilize mwenye duka pia. Mshahara wa likizo ya uzazi nchini kwetu unatoka mfukoni mwa mwajiri, wote. Shirika kubwa halitikisiki. Duka la dawa lenye wafanyakazi watatu linamlipa aliye nyumbani, linamlipa anayeshika nafasi yake, na mauzo ni yaleyale. Matokeo yake hayaandikwi popote, ila tumeyasikia: "Huyu ameolewa juzi, tutafute mwingine." Ndiyo sababu siungi mkono haraka wale wanaotaka likizo ipandishwe hadi miezi sita na basi. Kwa mtoto ni jambo jema, kwani ushauri wa kumnyonyesha maziwa ya mama pekee ni wa miezi sita, na miezi mitatu inauvunja katikati. Lakini gharama ikiachwa palepale ilipo, atakayeilipa mwisho ni msichana asiyeitwa kwenye usaili. Serikali yetu inajua sana kukata mishahara: asilimia 2.75 ya SHIF, yaani bima ya afya, asilimia 1.5 ya mfuko wa nyumba, na mwajiri anaongeza nyingine kama hiyo ya nyumba. Mfuko wa uzazi unaochangiwa na wote, wanaume kwa wanawake, wenye kuzaa na wasiozaa, haungekuwa muujiza. Najua mtu aliyeona payslipu yake mwezi uliopita atanirushia jiwe kwa kutaja makato mengine. Arushe. Ama tuchange wote, ama tukubali kwamba mzigo ni wa duka la dawa na wa msichana yule.

Baba nitamgusa kwa ufupi, maana habari yake inajulikana. Takwimu za serikali za namna Wakenya wanavyotumia muda wao, zilizokusanywa 2021, zinaonyesha wanawake wanatumia karibu mara tano ya muda wa wanaume kwenye kazi za nyumbani na malezi yasiyolipwa. Sheria inampa baba wiki mbili mtoto anapozaliwa. Wanaume wanaotaka kusaidia wapo, ila mtaani kwetu baba akionekana na mtoto mgongoni anaambiwa amekaliwa na mkewe, na wa kwanza kusema hivyo mara nyingi ni sisi wanawake. Mume wangu alikwenda bebikea mara tatu. Mara ya nne akasema kazini kumekazana. Niliendelea mimi, na nakiri sikupigana.

Narudi kwenye dakika kumi na tano. Tukiwalinganisha wanawake wa chama chetu, Sista ana kazi ngumu kuliko yangu, na zamu za usiku juu yake. Lakini ratiba yake ya mwezi hubandikwa ukutani kabla mwezi haujaanza. Anajua tarehe kumi na nne yuko usiku, anampigia dada yake mapema. Kuna mwenzetu anayekata maua Naivasha. Mwishoni mwa Januari, maua ya Valentine yanapokimbizwa kwenda Ulaya, saa za ziada hutangazwa mchana wa siku hiyohiyo. Baadhi ya mashamba kule yana chumba cha watoto, la kwake halina. Pesa za ziada anazitaka. Ila anapoambiwa saa tisa kwamba leo ni hadi saa mbili usiku, nusu ya pesa hizo inaishia kwa jirani, kwenye simu za kubembeleza na kwenye boda. Huyu umwambie ajipange, atapanga nini? Ni sawa na kumwambia mtu apange vyombo kwenye meza ambayo mwingine anaivuta.

Hapo ndipo nafikiri Mwalimu na Sista wanakosana bure. Kujipanga ni ujuzi, Mwalimu ana haki. Lakini ujuzi huo unahitaji saa zisizohamahama, na saa hizo ziko mikononi mwa mwajiri. Chumba cha kunyonyeshea kinahitaji ukuta na pesa, mfuko wa uzazi unahitaji Bunge, ila kumwambia mfanyakazi leo saa atakazotoka kesho hakugharimu chochote isipokuwa mazoea ya mkubwa kuwafikiria walio chini yake. Wapo watakaosema biashara haitabiriki, na kwa duka la rejareja kuna ukweli. Kwa ofisi kama yetu hakuna.

Nasema hivyo nikiwa na ushahidi unaoniaibisha. Kwa miaka minne ofisini kwetu kulikuwa na mkutano wa Alhamisi saa kumi na nusu jioni. Kila Alhamisi nilichelewa Kaptembwa, nikalipa hamsini, nikamwomba msamaha mama mwenye nyumba, nikampandisha mtoto boda gizani. Wiki hii, baada ya ule ugomvi wa chama, na sasa mdogo ameshaanza shule na anarudi kwa basi, niliingia kwa bosi kumuuliza kama mkutano unaweza kusogezwa hadi saa nane mchana, kwa ajili ya mwenzangu aliyetoka likizo ya uzazi juzi. Hakuinua hata kichwa kwenye kompyuta. Akasema hakuna shida, aliuweka jioni kwa sababu aliukuta jioni. Halafu akaniuliza, "Kwani ulikuwa unakusumbua? Mbona hukusema?"

Nilimpigia Mwalimu simu nikitaka anihurumie. Alicheka mpaka akakohoa. "Si nilikuambia ujipange?"