Namba moja watatu, fainali mbili: viwango vya mabinti wa kikapu Marekani vina uzito gani?

Tarehe 3 Aprili 2022, mjini Minneapolis, UConn (Chuo Kikuu cha Connecticut) waliingia fainali ya kikapu cha wanawake ya vyuo vikuu vya Marekani wakiwa na mabinti watatu ambao kila mmoja, katika mwaka aliomaliza sekondari, runinga ya michezo ya ESPN walimweka namba moja nchi nzima: Christyn Williams wa 2018, Paige Bueckers wa 2020 na Azzi Fudd wa 2021. South Carolina hawakuwa na namba moja hata mmoja. Wakashinda 64-49, wakaokota ribaundi (mipira inayorudi baada ya kukosa kikapu) 49 wakati wenzao wameambulia 24.

Tarehe 6 Aprili 2025, mjini Tampa, vyuo vilevile vikakutana tena fainali. UConn walikuwa tena na namba moja watatu: Bueckers na Fudd walewale, pamoja na Sarah Strong wa 2024. Safari hii wakashinda 82-59. Fudd alifunga alama 24, Strong 24 na ribaundi 15, Bueckers 17. Sisi tuliokuwa macho huku Afrika Mashariki, ambako mechi ilianza saa 4 usiku, tuliweza kwenda kulala hata kabla ya kipenga cha mwisho bila kukosa kitu.

Anayeamini kwamba viwango vya wachezaji wa sekondari ndivyo vinavyoamua ubingwa ataichukua mechi ya 2025. Anayeviona kuwa kelele za wauza habari ataichukua ya 2022. Nimefuatilia ubishi huu kwa miaka, na kila upande una hoja nzito kuliko upande wa pili unavyokubali. Msimamo wangu ni huu: viwango vina uzito mkubwa, lakini ni kwa sehemu ndogo sana ya juu ya orodha, na uzito huo unahitaji miaka kuonekana. Nje ya hapo, orodha inatuambia zaidi nani alionekana kuliko nani anaweza.

Kwanza tuelewe orodha inatoka wapi. Kuna watazamaji wa kazi hiyo, wanaozunguka viwanja vya mashindano ya kiangazi, hasa ligi za vijana zinazodhaminiwa na Nike, Adidas na Under Armour. Wanatazama, wanalinganisha, wanazungumza na makocha, kisha wanapanga: nyota tano, nyota nne, namba moja hadi mia moja. Vyuo vinavyocheza daraja la kwanza ni zaidi ya 350. Ina maana majina 100 kwa mwaka hayatoshi hata jina moja kwa kila chuo, na kwa kweli sehemu kubwa ya majina hayo huishia kwenye vyuo vichache vilevile.

Sasa hoja ya wanaoviamini. Nilichukua namba moja wa ESPN kwa miaka kumi, kuanzia waliomaliza sekondari 2012 mpaka wa 2021. Saba kati yao wametwaa ubingwa wa taifa angalau mara moja: Breanna Stewart (yeye mara nne mfululizo), A'ja Wilson, Katie Lou Samuelson, Lauren Cox, Haley Jones, Bueckers na Fudd. Walioukosa ni Mercedes Russell, Megan Walker na Williams. Katika mchezo wenye timu zaidi ya 350, saba kwa kumi si bahati nasibu.

Zipo sababu za msingi kwa nini utabiri huu unafaa kwa mabinti. Moja ni mwili. Binti wa miaka 16 mara nyingi ameshafikia karibu urefu wake wote. Mvulana wa umri huo anaweza bado kuongeza kimo na kubadilika nafasi uwanjani. Mtazamaji anayemwangalia binti anaona kitu kilicho karibu zaidi na mchezaji kamili. Nyingine ni sheria ya WNBA, ligi ya kulipwa ya wanawake. Mchezaji wa Marekani hawezi kuingia kwenye drafti, yaani uteuzi wa wachezaji wapya, mpaka atimize miaka 22 mwaka huo, au awe amehitimu, au iwe imepita miaka minne tangu amalize sekondari. Wavulana wenye vipaji vya juu hukaa chuoni msimu mmoja wakaenda zao NBA, ligi ya kulipwa ya wanaume. Mabinti hukaa. Kocha aliyempata namba tatu wa nchi anakuwa naye akiwa na miaka 18, 19, 20 na 21, na kosa la kumkosa linamrudia kwa miaka yote hiyo akiwa upande wa pili.

Mfano mzuri kuliko yote ni kundi la South Carolina la 2019: Aliyah Boston, Zia Cooke, Laeticia Amihere, Brea Beal na Olivia Thompson. Lilitajwa kuwa kundi bora la mwaka huo, ingawa namba moja mwenyewe, Haley Jones, alikwenda Stanford. Kwa misimu minne walishinda mechi 129 na kupoteza 9. Hapo ndipo ninapoona viwango vikifanya kazi yake halisi. Namba ya binti mmoja inaweza kudanganya, lakini mabinti wanne au watano wa daraja la juu waliokaa pamoja miaka minne huwa hawadanganyi. Wale wa Minneapolis waliookota ribaundi 49 ndio hao, wakiwa mwaka wa tatu, dhidi ya Fudd wa mwaka wa kwanza na Bueckers aliyekuwa ametoka kwenye upasuaji wa goti majira hayohayo. Kufika Tampa, Bueckers alikuwa mwaka wake wa tano na Fudd wa nne. Viwango vyao vilikuwa vilevile. Umri na magoti ndivyo vilivyobadilika.

Na magoti si jambo dogo katika hesabu hii. Wasichana huchanika kano ya mbele ya goti mara kadhaa zaidi ya wavulana katika michezo ya aina hii. Bueckers alikosa msimu mzima wa 2022-23. Fudd aliumia sekondari, akaumia tena chuoni. JuJu Watkins wa USC (Chuo Kikuu cha Southern California), namba moja wa 2023, alianguka Machi 2025 katika mechi ya raundi ya pili dhidi ya Mississippi State, na hakucheza tena mashindano yale. Hakuna mtazamaji anayeweza kuandika hilo kwenye orodha yake, lakini shabiki anayehesabu vikombe kwa kuangalia nyota za wanaosajiliwa anapaswa kulikumbuka.

Wapinzani wa viwango nao wana swali moja ambalo sijaona likijibiwa vizuri: binti anapoitwa namba moja akatwaa ubingwa, ni yeye aliyeuleta au ni chuo alichokwenda? Stewart alikuta UConn ya kocha Geno Auriemma ikiwa imeshazoea vikombe. Namba moja huchagua vyuo vikubwa, na vyuo vikubwa hushinda. Elena Delle Donne alikuwa namba moja wa 2008. Aliondoka UConn baada ya siku mbili tu, akarudi nyumbani Delaware, mwaka wa kwanza akacheza voliboli, kisha kikapu. Aliifikisha Delaware hatua ya timu 16 bora mwaka 2013, na baadaye akawa mchezaji bora wa WNBA mara mbili. Waliompa namba moja hawakukosea hata kidogo kuhusu kipaji chake. Ubingwa wa chuo hakuupata, kwa sababu kipaji kimoja hakigeuki kuwa watu watano.

Hata UConn wenyewe walionja hilo. Kati ya 2017 na 2021 walichukua namba moja wanne: Walker, Williams, Bueckers na Fudd. Toka kombe la 2016 hadi la 2025 walikaa miaka tisa mikono mitupu.

Watu wengi wakitaka kuvicheka viwango humtaja Caitlin Clark, nyota wa chuo cha Iowa: eti watazamaji walimweka namba nne. Mimi nawatetea. Tazama tano bora za ESPN za 2020: Bueckers, Angel Reese, Cameron Brink, Clark, Kamilla Cardoso. Brink alitwaa ubingwa na Stanford 2021. Cardoso akiwa South Carolina 2022 na 2024. Reese akiwa LSU (Louisiana State) 2023. Bueckers 2025. Aliyekosa ni Clark peke yake, na huyo ndiye aliyeondoka na rekodi ya alama 3,951, nyingi kuliko mchezaji yeyote wa daraja la kwanza, na aliyeifikisha Iowa fainali mbili mfululizo. Ukiuliza nani alikuwa bora kati yao, utapata majibu matano. Ukiuliza kama hao watano walistahili kuwa juu ya kizazi chao, jibu ni moja. Watazamaji waliliona kundi. Mpangilio wa ndani ya kundi ndio ulikuwa wa kubahatisha, na kwa maoni yangu hakuna binadamu anayeweza kuupata.

Lakini angalia tena majina hayo. Reese alianza Maryland. Cardoso alianza Syracuse. Vyuo vilivyowashawishi wakiwa sekondari, vilivyosherehekea nyota zao tano, havikuonja kombe. Tangu 2021 mchezaji anaweza kuhama na kucheza mara moja bila kukaa nje msimu, na toka 2024 hata mara nyingi apendavyo. LSU ya kocha Kim Mulkey ilijengwa kwa namna hiyo. Katika fainali ya 2023 dhidi ya Iowa, Jasmine Carson, aliyekuwa ameshapitia vyuo viwili vingine, alitoka benchi akafunga alama 22 katika ushindi wa 102-85. Lauren Betts, namba moja wa 2022, aliondoka Stanford baada ya msimu mmoja akaenda UCLA, na UCLA wakafika nusu fainali ya taifa 2025. Saniya Rivers, namba tatu wa 2021, aliondoka South Carolina akaenda NC State.

Hili limebadilisha maana ya orodha nzima. Zamani kusajili namba tano kulikuwa ahadi ya miaka minne. Leo ni ahadi ya msimu mmoja unaoweza kuongezwa. Kocha mwenye nafasi 15 anajiuliza kwa haki kabisa: nimchukue binti wa miaka 18 aliye namba 40, au mwenzake wa miaka 21 aliyekwisha kunionyesha alama 14 kwa mechi dhidi ya watu wazima? Wengi sasa wanamchagua wa pili, na anayeumia ni yule wa namba 40, na wa 80, na wa 150, ambao zamani wangepewa miaka ya kukua. Maddy Siegrist hakuwa jina lililogombewa na vyuo vikubwa. Alikwenda Villanova, akakua polepole, mwaka 2022-23 akaongoza nchi kwa kufunga, wastani wa alama 29.2, na akachukuliwa wa tatu katika drafti ya WNBA. Sijui kama soko la leo lingempa nafasi hiyo ya kukua mahali pamoja, na hilo linanisumbua.

Pesa nazo zimeingia. Tangu Julai 2021 wachezaji wanaruhusiwa kulipwa kwa majina na sura zao, na kuanzia msimu wa 2025-26 vyuo vinaweza kuwagawia moja kwa moja. Ni haki yao, waliingojea mno. Ila namba ya kwenye orodha sasa ni bei ya kuanzia. Binti huanza kupangwa miaka kadhaa kabla ya kuhitimu, akiwa bado mtoto, na familia inajua kwamba kuporomoka kutoka 12 hadi 35 kuna hasara ya fedha. Mtu akivitetea viwango mbele yangu bila kulizungumzia hilo, huwa naona ameacha nusu ya habari.

Kuna kasoro ya mwisho, na ndiyo inayotugusa sisi moja kwa moja. Orodha inawaona mabinti walio kwenye viwanja vya Marekani. Cardoso ni Mbrazili, lakini aliorodheshwa kwa sababu alisoma sekondari Tennessee. Madina Okot wa Mumias hakuwa na bahati hiyo. Senta huyu (mchezaji mrefu wa chini ya kikapu) wa karibu mita 1.98 alitoka kwenye voliboli, akachezea Chuo Kikuu cha Zetech nchini Kenya, kisha akatua Mississippi State msimu wa 2024-25. Hapakuwa na nyota pembeni ya jina lake. Msimu wake wa kwanza alipata wastani wa alama 11 na ribaundi zaidi ya 9 kwa mechi, katika SEC, ligi ya vyuo iliyo ngumu kupita kiasi.

Machi 2025, Aaliyah Chavez wa Lubbock, Texas, namba moja wa mwaka huo, alitangaza chuo chake. South Carolina walikuwa kwenye orodha yake ya mwisho. Akachagua Oklahoma. Wiki chache baadaye Dawn Staley, kocha wa South Carolina mwenye makombe matatu aliyekuwa ametoka kufungwa Tampa na namba moja watatu, alimsajili Okot.