Kiboko wa Saa Nane Usiku

Kilichoniponza ni mdomo. Dada yangu Zuhura alinipigia simu kutoka Florida kuniambia anakuja Kampala na wanawe wawili, nami kabla hajamaliza nikajikuta nimeshasema, "Waje waone wanyama wa kweli. Gharama juu yangu."

Nina miaka 11 Kampala nauza vipuri vya pikipiki. Katika miaka yote hiyo mnyama mkubwa niliyewahi kukaribiana naye ni kalooli, yule ndege kipara wa majalalani anayesimama kama mzee anayedai deni. Lakini dada yangu yuko Marekani, atajuaje? Kwa simu nilikuwa mtu wa mbugani kabisa, simba wananijua kwa jina.

Tatizo ni kwamba watoto wale ni wazoefu kuliko mimi. Kule kwao, ndani ya Disney's Animal Kingdom, bustani ya burudani yenye wanyama, kuna kitu kinaitwa Kilimanjaro Safaris. Kipo tangu 1998. Unapanda gari la wazi, na ndani ya dakika kama 20 umeshapitishwa kwa twiga, tembo, kiboko na simba. Mahali unapopandia ni kijiji cha kubuni kinachoitwa Harambe, dereva anakusalimia "Jambo!", na mibuyu mingine ni ya saruji. Simba amewekewa mwamba unaopozwa kwa mitambo, apende kujinyoosha hapo hapo wageni wanapopita.

"Lakini siku nyingine analala nyuma," Faraj, yule mdogo wa miaka tisa, akanieleza kwa uchungu. "Unaona mkia tu."

"Mjomba wako hahesabu mikia," nikamwambia. Sijui nani alikuwa anasema kwa kinywa changu siku ile.

Tukaondoka Kampala na dereva mmoja mtu mzima, baba wa mapacha, kwa hiyo kila mtu anamwita Ssalongo. Tukapiga picha kwenye mstari wa ikweta pale Kayabwe, tukala gonja, zile ndizi za kuchoma, pale Lukaya, tukapita Mbarara, tukakata kwenda Rukungiri na Kihihi mpaka Ishasha, upande wa kusini wa mbuga ya Queen Elizabeth. Ishasha inasifika kwa simba wanaopanda miti. Wengine husema wanakimbia nzi, wengine joto, wengine wanatafuta mahali pa kuonea kitoweo. Ssalongo alikuwa na jibu lake: "Wanapanda juu wasione watalii."

Langoni nikapata pigo la kwanza. Sisi wa Afrika Mashariki tunalipa kwa shilingi. Wageni wa mbali wanalipa kwa dola. Watoto wakatoa pasipoti zao za bluu. Nikamtazama dada yangu. Dada yangu akatazama mbuga.

Tukazunguka mchana ule mpaka jioni. Swala wale wa Uganda, wanaosimama kwenye nembo ya taifa, tuliwaona mpaka watoto wakaacha kuinua vichwa. Nyati walikuwepo, wanatutazama kwa dharau. Ngiri walikuwepo, mikia juu kama antena. Simba hakuna. Ssalongo anasimamisha gari chini ya kila mkuyu, sote tunakunja shingo, tunachungulia matawi moja moja, tunaondoka. Kwenye mkuyu wa tisa nikaona kitu cha rangi ya mchanga kimejilaza, nikapiga kelele, "Simba! Yule pale!" Zuhura akapiga picha sita. Lilikuwa tawi lililokauka.

"Mjomba," Faraj akauliza, "simba yako iko saa ngapi?"

Ssalongo akamjibu kwa niaba yangu. "Kijana, simba anaweza kulala masaa 20 kwa siku. Yanabaki manne. Katika hayo manne anywe maji, awinde, ale, agombane na mkewe. Sasa wewe uko kwenye dakika ipi?"

Mtoto akafikiri. "Basi tuzunguke tena. Kwetu ukikosa unazunguka tena."

Tukazunguka tena. Hata mkia.

Tulilala kwenye kambi moja kando ya mto Ishasha. Ng'ambo ya mto ni Kongo, na simu yangu kila mara inanikaribisha huko kwa ujumbe bila mimi kuinua mguu. Vibanda ni vizuri, ila choo kiko peke yake, hatua kama 30 gizani: vyumba viwili vya mbao, mlango umeachwa wazi chini kiasi cha futi moja. Askari akatupa masharti: usiku usitoke peke yako, mulika tochi, nitakuja kukusindikiza. Viboko wanatoka mtoni kula majani.

Saa nane usiku gonja za Lukaya zikanidai. Nikamulika mara tatu kama nilivyoagizwa. Nikasikia askari anakoroma, na redio yake inamsaidia. Nikasema moyoni, hatua 30 tu, mwanamume mzima. Nikajifunga kikoi vizuri, nikaenda kwa mwanga wa simu, betri asilimia nne.

Nilipokwisha shughuli yangu, nikasikia mtu anafyeka majani nje. Krap. Krap. Krap. Nikafurahi: askari kaamka. "Bwana askari," nikaita kwa upole, "nipo huku." Kufyeka kukasimama. Nikasikia pumzi. Ile haikuwa pumzi ya mtu mwenye mshahara. Nikainama, nikachungulia kwenye ule uwazi wa chini.

Niliona mguu. Mfupi, mnene kama kinu cha kutwangia, vidole vinne vimetanuka kwenye tope, ngozi inang'aa kama imepakwa mafuta. Nyuma yake mguu mwingine. Juu yake tumbo lililojaa uwazi wote. Kiboko mzima, tani moja na zaidi, ananipa ubavu. Na hapo simu ikazima.

Sikuweza kupiga kelele. Nilikumbuka tu kwamba kiboko hapendi ukae kati yake na mto, na kwa jinsi choo kilivyokaa, mimi ndiye niliyekuwa kati. Nikapanda juu ya kiti cha choo, nikashika ukuta, nikasoma kila dua ninayoijua mpaka nikafika kwenye ile ya kula.

Yeye akala. Alikula kama amealikwa. Baada ya muda mrefu akageuka, akanipa mgongo, nikasema alhamdulillahi, anaondoka.

Kumbe. Kiboko akijisaidia, mkia wake huenda kulia na kushoto kwa kasi kama feni, kila kitu kirushwe huku na huku, wenzake wajue mwenyewe amepita. Mimi sikujua. Nilisikia tu pa-pa-pa-pa-pa kwenye mbao, na kupitia uwazi wa chini, na kupitia nyufa, ikaingia. Ya moto. Ina majani ndani. Kikoi changu cha Lamu, zawadi ya harusi!

Saa kumi na moja kasoro nikasikia askari anakohoa. "Nani yuko humo?" Sikumjibu. Nikatoka, nikampita, nikaenda kujimwagia maji, nikalala kama maiti.

Nilipoamka jua lilikuwa kali na gari halikuwepo. Walirudi saa tatu, wanashuka wanaruka. Simba watatu! Juu ya mkuyu mmoja, miguu inaning'inia! Zuhura ana picha 41. Na ulikuwa mkuyu ule ule wa tisa, kwenye tawi ambalo mimi niliwaonyesha.

"Tuligonga, Mjomba," Faraj akasema. "Ulikuwa unakoroma." Kisha akanusa. "Mjomba, hii ni nini?"

Nikawasimulia. Zuhura alicheka mpaka akakaa chini. Ssalongo akakataa kikoi kisiingie garini, tukakifunga juu pamoja na gurudumu la akiba, na hata hivyo tulisafiri vioo wazi mpaka Mbarara.

Wiki ya tatu tangu warudi kwao, dada akanitumia ujumbe wa sauti. Wamepanda tena ile safari ya Disney. Simba alikuwa nyuma ya mwamba, mkia tu. Lakini walipofika kwenye viboko, Faraj akasimama, akanyoosha kidole, akapiga kelele gari zima lisikie: "Hiyo ndiyo ilimnyea mjomba!"

Dereva akafurahi kusikia Kiswahili. Akamuuliza Zuhura maana yake. Zuhura, kwa aibu, akamwambia ni salamu ya kwetu. Yule kijana akairudia mara mbili tatu mpaka ikamkaa mdomoni, na walipokuwa wanashuka, dada anasema, alishaanza kuwapungia mkono watu wa gari linalofuata, meno yote nje, anawasalimia.