Operesheni Keki ya Ghorofa Tatu

Jamani bethdei ya mama safari hii nilisema hakuna kubahatisha, nikachora ratiba ya kivita nikaibandika kwenye friji. Saa 3:00 siagi itoke nje ilainike, saa 4:00 tunaichapa na sukari mpaka iwe nyeupe, mayai yanaingia moja moja kwa mstari, saa 4:40 oveni iwe imeshafika 180, na atakayefungua mlango wa oveni kabla ya dakika 25 mahakama ya kijeshi inamhusu, maana keki ikipigwa na baridi mapema inabonyea katikati. Dada nikampa cheo cha afisa ugavi. Mwanae akawa kuruta, kazi yake moja tu, kulinda mirija. Na mirija si ya kuchezea, hiyo ndo nguzo, unaichomeka kwenye ghorofa ya chini ili ya juu isizame.

Kuoka kulienda safi, nisiwadanganye. Kijiti kimetoka kikavu, rangi ya dhahabu, nikapiga saluti mwenyewe.

Saa 7:00 ratiba inasema KUPAKA KRIMU na keki kwa chini bado za moto. Dada akasema tusubiri zipoe, krimu ya siagi itayeyuka hiyo. Nikamuuliza kwa upole, wewe ni afisa ugavi au mkuu wa majeshi? Tukapaka.

Ghorofa ya chini ikatulia. Nikaita, "Kuruta, mirija!" Kimya. Kwenda kumtafuta namkuta nyuma ya kochi, mirija yote kaiunganisha mmoja ndani ya mwenzie ikawa bomba moja refu linatokea kwenye jagi la juisi juu ya meza, anavuta huku kajilaza, ncha zote kashazitafuna. "Mjomba nimeilinda yote, hakuna hata mmoja uliopotea." Dada badala ya kumkaripia mwanae anacheka mpaka kakaa chini.

Ratiba haisubiri nguzo. Nikapandisha ya pili, ikaegemea kidogo kama mzee anayesikiliza redio, nikapandisha na ya tatu, hapo sasa ikaanza safari, polepoleee, krimu inaisindikiza. Nikaidaka kwa mikono. Ya pili nayo ikachomokea upande wangu, nikaizuia kwa tumbo, nikabaki hivyo nimekumbatia keki siwezi kwenda mbele wala nyuma.

"Plani B!" nikapiga kelele, "iko nyuma ya ratiba, isome!"

Dada akaibandua, akageuza karatasi, akakohoa kwanza, akasoma: "Plani B. Haitahitajika."

Mlango ukafunguliwa. Mama huyo, kawahi saa nzima na mashoga zake wawili. Akaitazama keki, akanitazama tumboni, akauliza kwa huruma kabisa, "Nani kaikalia?"

Kuruta akapiga saluti, kisha akaninyooshea kidole.