Kahawa ya Juu na Kahawa ya Chini Zisichanganywe

Kihamba cha shangazi yangu, yaani shamba la nyumbani la Kichagga, kiko Kibosho katika mteremko wa Kilimanjaro, upande wa juu, mahali ambapo ukitembea kidogo tu unaukuta msitu wa mlima. Kahawa yake huiva mwisho. Majirani wa chini, wale wanaokaa kuelekea Moshi mjini, huwa wameshachuma, wameshaanika, na wengine wameshapeleka kwenye chama cha ushirika, wakati matunda ya shangazi bado ni ya kijani. Nilipokuwa mwanafunzi nililichukia jambo hilo, kwa sababu ada ya shule iliisubiri kahawa, na kahawa ililisubiri jua ambalo kule juu hufichwa na ukungu hata wiki nzima. Miaka mingi ilipita kabla sijaelewa kwamba huko kuchelewa ndiko kunakoipa kahawa ile ladha yake, na kwamba ladha hiyo tunaipoteza wenyewe siku tunapoimwaga kahawa ya juu katika lundo moja na ya chini.

Kadiri mtu anavyopanda mlima, hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi joto 6 hivi kwa kila mita 1,000. Ukanda wa kahawa na migomba katika Kilimanjaro huanzia karibu mita 1,000 na kuishia karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Maana yake ni kwamba kati ya shamba la chini kabisa na la juu kabisa kuna tofauti ya takriban nyuzi joto 5, katika mteremko ambao mtu mwenye miguu mizuri anaweza kuupanda asubuhi moja. Mchana majani ya mbuni hutengeneza sukari kwa mwanga wa jua. Usiku mti hupumua na kutumia sehemu ya sukari hiyo, na usiku ukiwa wa joto hutumia nyingi zaidi. Usiku wa baridi huupunguzia mti matumizi na kulichelewesha tunda kuiva, hivyo punje iliyomo ndani hupata muda mrefu wa kujaa. Punje ya namna hiyo huwa ngumu na nzito. Ikikaangwa kwa uangalifu hutoa ule uchachu safi, kama wa chungwa au zabibu, ambao wanunuzi wa kahawa maalumu, yaani kahawa inayopata alama 80 au zaidi kati ya 100 mezani kwa waonjaji, wako tayari kuulipia.

Niliwahi kuonja kahawa za namna hizo mbili, vikombe vikiwa ubavu kwa ubavu, zote za aina ya Arabika, zote za msimu mmoja, zikiwa zimekaangwa na mtu mmoja. Ya chini ilikuwa nzuri, tulivu, yenye ladha inayokaribia karanga, ikamalizika mara tu nilipomeza. Ya juu ilinifanya ninyamaze. Uchachu wake ulianzia pembeni mwa ulimi, utamu ukafuata, na kikombe kilipopoa ladha iliongezeka badala ya kufifia. Sikuhitaji mtu kuniambia ipi imetoka wapi.

Hata hivyo, sipendi jinsi tarakimu ya mita inavyochapishwa kwenye pakiti kana kwamba yenyewe ndiyo ladha. Kahawa ya Kona, kule Hawaii, hulimwa chini ya mita 1,000 na inasifiwa duniani, kwa kuwa visiwa vile viko mbali zaidi na ikweta kuliko sisi, na mawingu ya alasiri huifunika mibuni yake. Sisi tuko nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta, hivyo ubaridi ambao wengine wameletewa na latitudo sisi tunaufuata juu mlimani. Kuna pia kivuli, na hapa ndipo wazee wetu wa Uchagani wanapostahili heshima kuliko wanayopewa, maana kihamba chenye miti mirefu kama mruka, chini yake migomba, na chini ya migomba mibuni, huzuia joto la mchana, hushika unyevu na kulisha udongo kwa majani yanayooza, huku maji ya mifongo, yaani mifereji ya asili ya Wachagga, yakipita pembeni. Kahawa yenyewe ililetwa na wamisionari Wakatoliki mwishoni mwa karne ya 19, lakini bustani iliyoipokea ilikuwapo tayari.

Udongo wa volkano nao husifiwa sana, na kwa haki, ingawa Mbinga, kusini mwa nchi, hakuna volkano, na nyanda za juu za Wamatengo, wanaolinda miteremko yao kwa mashimo ya ngolo, hutoa kahawa ambayo kwa ulimi wangu ina utamu mzito kuliko ya kwetu. Mbozi, kusini magharibi, nako kuna ladha yake. Basi inanisikitisha kwamba nchini Japani kanuni za biashara zinaruhusu Arabika ya Tanzania, isipokuwa ya Bukoba, kuuzwa kwa jina la Kilimanjaro. Mimi ni mtu wa mlima huo na jina lake nalipenda, lakini mkulima wa Mbinga anastahili mnywaji ajue kuwa kuna Mbinga.

Huku nyumbani nako hali haitofautiani sana. Madaraja yetu, AA, A, B na mengine, hutokana hasa na matundu ya chekeche, yaani ukubwa wa punje, ilhali punje kubwa ya chini inaweza kuwa nyepesi, na punje ya wastani kutoka juu ikabeba ladha maradufu. Guatemala wana utaratibu wa kupanga kahawa kwa mwinuko na ugumu wa punje, ambapo daraja la juu huanzia karibu mita 1,350. Nauona utaratibu huo kuwa wa haki zaidi kwa mkulima anayelima mahali pagumu.

Nimeshaambiwa mara nyingi kwamba kutenganisha kahawa kwa mwinuko hakuwezekani kwetu kwa sababu mkulima mmoja ana magunia mawili au matatu tu, na chama cha msingi cha ushirika hakiwezi kutunza lundo la kila mtu. Hoja hiyo ina uzito, ila hakuna anayedai lundo la kila mtu. Malundo mawili yanatosha, la juu na la chini. Tena kalenda ya mlima imeshafanya nusu ya kazi, kwa kuwa kahawa ya chini hutangulia na ya juu huja nyuma. Kinachotakiwa ni ghala lenye mstari sakafuni na karani anayeandika kitongoji kwenye kila gunia.

Ninalisema hili kwa haraka kwa sababu baridi yenyewe inatuacha. Utafiti kuhusu Arabika ya Tanzania uliochapishwa mwaka 2015 ulikadiria kwamba kila nyuzi 1 ya ongezeko la joto la usiku hupunguza mavuno kwa takriban kilo 137 kwa hekta. Mibuni ingeweza kukimbilia juu, lakini juu ya vihamba vyetu kuna msitu wa hifadhi unaotupa maji, na hakuna mwenye akili atakayetaka ukatwe. Ukanda wa juu ndio mwisho wa safari. Mkulima wake asipolipwa kwa ladha anayoitoa atang'oa mibuni apande parachichi, kama baadhi ya majirani walivyokwisha kufanya, na siwezi kuwalaumu.

Shangazi bado anayo yake. Msimu uliopita tuliimenya kwa mashine ya mkono jioni ile ile ya kuchuma, tukaiosha utelezi ulipoachia, tukaianika peke yake kwenye meza, tukiifunika kila ukungu ulipoteremka. Ilichukua siku nyingi kukauka. Kilo chache nimezipeleka kwa mwonjaji mjini, zikiwa na jina la kitongoji chake juu ya mfuko, na shangazi huniuliza kila Jumapili kama majibu yametoka.