Milioni 56 au milioni 60?

Mtoto wa dada yangu, huku Katuba, Lubumbashi, alirudishiwa daftari likiwa na msalaba mwekundu. Swali: galaksi NGC 1365, mkusanyiko mkubwa mno wa nyota, iko mbali kiasi gani? Aliandika miaka ya nuru milioni 60, mwaka wa nuru ukiwa ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja. Karatasi ya mwalimu ilisema 56. Tangu hapo nyumbani kila jioni ni mabishano, na walio wengi wameshakata shauri: wataalamu wakipishana milioni nne, basi wanabahatisha.

Hoja wanayo. Milioni nne si kidogo. Kutoka kwetu hadi Andromeda, galaksi kubwa jirani, ni kama milioni mbili na nusu tu. Na magazeti hutupa namba tupu, bila kueleza ilivyopatikana.

Ila Lubumbashi hadi Likasi tunasema kilomita 120. Dereva akikwambia 112, utamwita mwongo? Tofauti ni ileile, kama asilimia 7, naye barabara ameipita. Hawa wa galaksi hawajatoka hata mlangoni. Kwa Hubble, darubini iliyo angani, walitafuta humo nyota za Sefeidi, zinazong'aa na kufifia kwa zamu, wakapata kama 50. Mwanaastronomia Henrietta Leavitt alikwisha kuonyesha mwaka 1912 kwamba kadiri zamu inavyokuwa ndefu, ndivyo nyota ilivyo na nguvu. Ukishajua nguvu ya taa, mwanga unaokufikia unakupa umbali: taa ya pikipiki ikiwa mbali mara mbili, unabaki na robo. Vumbi likikaa katikati, taa huonekana mbali kuliko ilivyo, na vumbi la kiangazi sisi tunalijua. Ndiyo maana kipimo hutajwa pamoja na kiasi kinachoweza kukosewa. Mimi huwaamini zaidi wanaokitaja.

Kinachonikeresha ni upana wa galaksi hiyo. Husemwa miaka ya nuru 200,000, kana kwamba kuna aliyevuta kamba. Upana huo umetokana na umbali. Shusha 60 iwe 56, nao unashuka hadi kama 187,000. Nguvu ya mwanga wake wote inapungua kama asilimia 13. Namba moja ikiteleza, inavuta na wenzake. Wenye shaka wangebana hapo wangenitoa jasho, lakini wao wameng'ang'ania milioni nne.

Umbo halitikisiki. Upau wa nyota unaokatiza katikati, mikono miwili mikubwa inayoanzia kwenye ncha zake na kujipinda, gesi inayoteremka kando ya upau hadi kiini, ambako nyota mpya huzaliwa: vyote viko pichani, iwe 56 au 60.

Inakaa katika kundi la nyota la Fornax, yaani Tanuru, jina linalotufaa sisi wa mji wa shaba. Desemba usiku hupanda juu sana angani kwetu, ila ndiyo miezi ya mvua, mawingu tele, na kwa macho matupu haionekani hata hivyo.

Kijana ameandika upya: "kati ya milioni 56 na 60". Daftari bado liko kwa mwalimu.