Kabla ya Mbwa Kuingia, Mwulize Dada wa Kazi

Matangazo mengi ya kumtafutia mlezi mbwa aliyelemaa hapa Kisumu huanza na picha. Mbwa amegongwa na bodaboda, miguu ya nyuma haisikii kitu, macho yanakutazama. Picha inazunguka kwenye vikundi vya WhatsApp, na kufikia jioni watu kadhaa wameandika, "Mleteni kwangu." Wiki ya pili simu zinaanza: njooni mumchukue.

Hatuoni sababu ya kuwalaumu. Waliombwa huruma, wakaitoa, na hakuna aliyewatajia kazi yenyewe. Tangazo lingeanza na kazi, saa kwa saa, wangejitokeza wachache, lakini hao wachache wangedumu.

Kazi kubwa kuliko zote ni mkojo. Mbwa aliyeumia uti wa mgongo mara nyingi hawezi kukojoa mwenyewe, kwa hiyo hukamuliwa kibofu mara 3 au 4 kwa siku: saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 12 jioni na saa 4 usiku. Analazwa kwa ubavu, au anasimamishwa akiwa ameshikwa. Viganja vinawekwa pande mbili za tumbo, karibu na mapaja ya nyuma, vidole vikiwa vimenyooka. Ndani utahisi kitu cha mviringo kama puto lililojaa maji. Kibane polepole kuelekea mkiani, bila kulegeza, mpaka mkojo uishe. Ukimchoma kwa ncha za vidole atakaza tumbo na hakitatoka kitu. Kibofu kikiwa kigumu na mkojo haushuki, acha hapo hapo umpigie daktari wa mifugo, maana ukilazimisha kinaweza kupasuka. Ufundi huu haujifunzwi kwa video. Mlezi akamue kwa mikono yake mbele ya daktari, walau mara 3, kabla mbwa hajatoka kliniki.

Kuna jambo linalowaponza wengi. Wanakuta blanketi limelowa, wanafurahi kwamba mbwa ameanza kujikojolea mwenyewe, wanaacha kumkamua. Kumbe kibofu kimejaa hadi kinafurika, na mkojo uliobaki ndani ndio unaoleta maambukizi. Ukiona mkojo una ukungu, damu au harufu kali kuliko kawaida, mbwa apelekwe kliniki siku hiyo hiyo.

Baada ya mkojo ni ngozi. Godoro la sponji la inchi 4, lifunikwe kwa nailoni, juu yake blanketi kuukuu linalofulika kila siku. Mbwa ageuzwe kila baada ya saa 4, la sivyo nyonga na viwiko vitaota vidonda. Palipolowa paoshwe kwa maji ya vuguvugu, pakaushwe kabisa, kisha papakwe petroli jeli. Kwa joto la Kisumu, kidonda kilichoachwa wazi hutagiwa mayai na inzi, na kesho yake kina mabuu. Fundi wa jua kali anaweza kumtengenezea kigari cha mabomba ya plastiki na magurudumu ya baiskeli ya mtoto, mradi apewe vipimo vya mbwa mwenyewe. Aanze kwa dakika 15, na asiachwe humo peke yake, kwa sababu hawezi kulala wala kujinasua.

Sasa wewe unayemtafutia mbwa makao, jiulize: saa 6 mchana, ni nani yuko nyumbani? Anayejibu tangazo yuko ofisini. Mikono itakayokamua kibofu ni ya dada wa kazi, ambaye hakuulizwa, ana mtoto mgongoni na nguo za kufua, na pengine anaogopa mbwa tangu utotoni. Au ni Mwislamu, na mate ya mbwa yanamlazimu kujitwaharisha kabla ya kila swala. Keti naye bila mwajiri wake kuwapo. Akikataa, nyumba hiyo iache, hata mwajiri akisisitiza. Akikubali, yeye ndiye afundishwe kliniki, na malipo ya kazi hiyo ya ziada yaafikiwe kabla mbwa hajafika.

Kwa sababu hiyo hatuvutiwi sana na boma kubwa la Milimani ambalo watu wote hutoka saa 1 asubuhi. Vyumba viwili vya fundi cherehani anayeshonea nyumbani Mamboleo vinafaa zaidi, au nyumba ya mwalimu mstaafu kule Riat. Kwenye ploti za Nyalenda na Manyatta, ambako milango inatazamana, kibali cha landilodi kipatikane kwa maandishi na majirani waambiwe mapema.

Jambo moja halina mjadala. Kichaa cha mbwa nacho huweza kuanza kwa kupooza, na Kisumu na Siaya ni kati ya kaunti 5 zilizoteuliwa kuanza mpango wa kitaifa wa mwaka 2014 wa kuutokomeza ugonjwa huo ifikapo 2030. Mbwa aliyepooza bila sababu inayojulikana, anayetokwa na mate au aliyebadilika sauti, haendi kwa mlezi. Akae kwa daktari, ametengwa. Akimng'ata mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali mara moja.

Mbwa wengine wenye ulemavu ni wepesi kulea kuliko watu wanavyodhani. Wa miguu mitatu anahitaji tu asinenepe. Kipofu hujifunza nyumba mradi viti visihamishwehamishwe. Kiziwi huitwa kwa mkono, na haamshwi kwa kuguswa ghafla.

Makubaliano yawe ya siku 14 kwanza, dawa na matibabu vikiwa juu ya wanaomtafutia mbwa makao, na mlezi wa pili awe tayari kumpokea. Mbwa afike na karatasi ya kubandika ukutani, kwa Kiswahili au Dholuo, kutegemea anayekamua anasoma lugha ipi: nyakati zote nne za kukamua, nafasi ya kutia alama, namba ya daktari. Chini yake kwa herufi kubwa: ASIPEWE PANADOL WALA BRUFEN. Siku ya tatu apigiwe simu dada, si mwajiri, aulizwe alama ya saa 6 mchana.