Kinu kilisimama, mlango ukagoma

Kila yanapotajwa matetemeko ya ardhi na umeme wa nyuklia, swali huwa lile lile: kinu kitahimili tetemeko la ukubwa gani? Swali si baya, ila linaelekezwa pale ambapo kazi imefanywa vizuri kuliko kwingine kote. Lile pipa nene la chuma linalobeba fueli ya urani limetolewa jasho na wahandisi kwa miaka mingi. Kinachonitia shaka mimi ni vitu vinavyolizunguka, hasa vile ambavyo kwenye makaratasi havihesabiwi kuwa vya usalama.

Chukua Kashiwazaki-Kariwa, kituo chenye vinu saba katika mkoa wa Niigata, Japani. Tarehe 16 Julai 2007 lilipiga tetemeko la ukubwa wa 6.6 karibu na pwani hiyo. Chini kabisa ya jengo la kinu namba 1 vipimo vilisoma gali 680, wakati usanifu ulikadiria 273. (Gali ni kipimo cha ukali wa mtikisiko; gali 980 ni sawa na nguvu ya uvutano wa dunia, kwa hiyo huo haukuwa mtikisiko wa kuchezea.) Vinu vilivyokuwa vinafanya kazi vikajizima vyenyewe, na mitambo muhimu ya kuvipoza ikafanya kazi yake. Mpaka hapo wamefaulu.

Lakini dunia ilichokiona kwenye televisheni ni moshi mweusi. Nje ya kinu namba 3 udongo ulididimia, tena haukudidimia sawasawa. Transfoma ilibaki karibu pale pale, huku nguzo za njia ya umeme iliyounganishwa nayo zikishuka. Kiungo kikapasuka, mafuta yakavuja, cheche zikayawasha. Wafanyakazi walipokimbilia maji ya kuzimia moto, wakakuta yanachuruzika tu, kwani mabomba ya ardhini yalikuwa yamekatika. Na simu ya moja kwa moja ya kuwaita zimamoto wa mji ilikuwa kwenye chumba cha dharura ambacho mlango wake ulikuwa umepinda na kukwama. Moto uliwaka kama saa mbili.

Hakuna kati ya hivyo kilichokuwa cha daraja la juu la usalama. Vifaa vya daraja la juu hufanyiwa hesabu ndefu za kompyuta, au hufungwa juu ya meza ya kutikisia na kutikiswa mpaka ijulikane vinaachia wapi. Vya daraja la chini hujengwa kwa kanuni za jengo lolote la kawaida. Sababu naielewa, fedha haziokotwi, lakini orodha ya namna hiyo inamfundisha mkaguzi mahali pa kutotazama.

Ndiyo maana naupenda ukaguzi wa kutembea. Mwaka 1987 tume ya udhibiti ya Marekani iliagiza vituo vya zamani vikague upya vifaa vyao, na sehemu kubwa ya kazi ikawa ni wahandisi kuzunguka wakiwa na tochi. Wanafika kwenye kabati la umeme. Limefungwa sakafuni kwa bolti, au limesimamishwa tu? Zege limepata ufa pale bolti ilipoingia? Makabati mawili yaliyokaribiana bila kufungwa pamoja yatagongana, na relei (swichi za umeme) zilizomo ndani zinaweza kuchezacheza hadi pampu ikazimika bila mtu kuigusa. Juu kuna taa iliyoning'inizwa kwa ndoano iliyo wazi. Nyuma ya betri kuna ukuta wa matofali usio na nondo. Hesabu ya kabati lenyewe haitakuambia habari za ukuta wa jirani.

Hata tochi haimulikii kila kitu. Tarehe 23 Agosti 2011, tetemeko la 5.8 lilizidi kiwango cha usanifu cha North Anna, kituo cha nyuklia cha Virginia, Marekani. Umeme wa gridi ukakatika, jenereta nne za dizeli zikawaka. Moja ikabidi izimwe kabla ya saa kuisha, maji ya kupozea yakivuja kwenye gasketi ambayo haikufungwa ipasavyo. Gasketi! Fundi yeyote wa gereji angekueleza.

Somo la Kashiwazaki, kwa bahati, lilifika Fukushima Daiichi, kituo kingine cha Japani, kabla hawajachelewa kabisa. Kampuni ile ile inayomiliki Kashiwazaki, TEPCO, ilijenga pale jengo la dharura lililokalia vizuizi vya kupunguza mtikisiko, likakamilika mwaka 2010. Machi 2011, tsunami ilipozamisha jenereta, ndimo watu walimokaa kupambana na maafa. Jengo hilo halikupoza kinu hata kimoja, na bado nathubutu kusema lilikuwa miongoni mwa vifaa vya usalama vya maana zaidi kituoni.

Kenya na Uganda zina mipango ya vinu vyao vya kwanza, na Bonde la Ufa halijatulia. Ripoti za tathmini zitakapotoka, nitaziruka kurasa za ukubwa wa tetemeko kwanza, nikatafute nani alitembea na tochi, na ni vitu gani vya daraja la chini alivyokataa kuvipita.